Funguo za Boksi

Wanafunzi ndio waliompa jina la Mama Dhamira, na likamganda mpaka sisi walimu wenzake tukaliacha lile la kwenye vyeti. Ukimwambia mvua imenyesha, atakuuliza, "Na dhamira yake nini?" Yeye alifundisha fasihi madarasa ya juu, mimi hesabu. Ofisini tulikuwa na meza moja: upande wangu vitabu vimepangwa kwa ukubwa, upande wake mlima. Darasa lake na langu yalitenganishwa na plaiwudi tu, tena iliyovimba kwa unyevu, kwa hiyo miaka yote hiyo nimefundisha milinganyo huku nasikiliza hadithi za watu. Fasihi nimeisoma kwa sikio la kushoto.

Nayaandika haya kwa sababu wapo wanaoyasimulia bila kuyajua, na midomo ya watu haina breki. Wanasema yule mama hana haya wala hana vibaya. Mimi nilikaa naye meza moja, na sijapata kuona mtu aliyeona haya kama yeye.

Alikulia katika chumba kimoja, yeye na ndugu zake wengi, wazazi wakiwa upande wa pili wa pazia. "Kwetu," alipenda kusema, "hata ndoto tulikuwa tunaota kwa zamu." Baba yake alikuwa mwalimu wa madrasa, mtu mwenye sauti, na kila alasiri akimaliza kazi alighani mashairi ya kale ya Kiislamu, yale ya mapenzi ambayo hujui kumpenda mtu kumeishia wapi na kumpenda Mungu kumeanzia wapi. Binti alikuwa akisikiliza huku anaosha vyombo. Siku moja akamuuliza baba yake: huyo mpenzi anayeliliwa kila siku ni nani hasa? Baba akamjibu, "Hatukuambiwa," akaendelea kughani. Binti akaona kwamba baba hajui. Nadhani ualimu wake ulianzia hapo, katika kutoridhika na jibu lile.

Alipokuja kuwa mwalimu, kisichosemwa kwake kilikuwa upungufu. Methali yake kubwa ilikuwa "Mficha uchi hazai", na aliitumia vibaya kwelikweli. Mwanafunzi akileta insha ya maneno ya juujuu, ataisikia ikirushwa mezani. "Hii insha imevaa makoti matatu," atasema. "Ivue, mwanangu. Nionyeshe mtu." Na watoto walijifunza, hilo siwezi kumnyima. Waliingia kwake wakiandika "mama yangu ni mpole sana", wakatoka wakiandika namna mama anavyozima taa kwa kidole kilicholowa. Matokeo yake ya mtihani yalikuwa yanatutia wivu sote, na mkuu wa shule alikuwa anamtaja kila kikao kama vile amemzaa yeye.

Mwaka ninaousimulia, vitabu vya mtihani vilikuwa viwili. Cha kwanza ni riwaya. Wataalamu wana jina refu la riwaya za aina hiyo, yeye aliziita riwaya za kesho mbaya. Inahusu mji ambao sheria yake inamtaka kila mwenye nyumba ampe jirani ufunguo wake. Jirani ataingia saa yoyote atakayo, atatazama, na kila wiki ataandika ripoti na kuitumbukiza kwenye tundu lililo ukutani mwa jengo la serikali. Watu wa mji ule wanaacha kuongea usingizini. Akina mama wanawafundisha watoto kulia bila sauti. Mwishoni shujaa anavunja ghala zinakotunzwa ripoti, anazikuta zimelundikana hadi darini, zote zimefungwa vilevile zilivyoletwa. Hakuna aliyewahi kuzisoma. Serikali yenyewe ilikuwa ni ule woga. Siku Mama Dhamira alipoufikia mwisho huo darasani, niliwapa wanafunzi wangu zoezi refu makusudi ili nisikilize.

Cha pili kilikuwa diwani ya kale, tafsiri kutoka Kiarabu, ya mshairi anayezunguka nyumba ya mpenzi wake asiweze kuingia kwa sababu langoni amekaa mlinzi. Hiki hakukipenda. "Mwezi," nilimsikia akilalamika kupitia plaiwudi. "Kila mpenzi ni mwezi, kila shingo ni ya paa. Hivi wanawake wote wa zama zile walikuwa na sura moja? Hata kovu la ndui hakuna? Huyu mshairi hakuchunguza." Kulikuwa na ubeti ambao wanafunzi waliukariri mpaka na mimi nikaushika:

*Waniuliza ni nani, jina lake silitaji,*
*kwa apendaye yakini, sitara ndiyo mtaji.*

Yeye aliufundisha kama udhaifu wa utungo. Na ule mwingine wa karibu na mwisho, mshairi anapomwombea dua mlinzi yuleyule anayemzuia, aliufundisha kama kejeli, na mwongozo wa mtihani nao ulisema ni kejeli:

*Mlinzi wa lango lake, Mungu ampe afia,*
*yeye ajua niliko, kimya amenitunzia.*

"Mlinganisheni huyu mlinzi na yule jirani mwenye ufunguo," aliwaambia. "Wote wawili wanatazama. Lakini riwaya inatuonyesha kilichotazamwa, shairi linatuficha. Ipi imefanya kazi ya sanaa?" Darasa zima likajibu kwa sauti moja kwamba ni riwaya. Hata mimi ningejibu hivyo.

Ili riwaya iwaingie damuni, akabuni zoezi. Alikuja asubuhi na mfuko wa funguo alizozikata nyumbani kutoka kwenye boksi, kwa mkasi wa jikoni, na kila moja akaipaka rangi ya fedha. Akaniwekea moja upande wangu wa meza kwa mzaha. Darasani, kila wawili waliokaa dawati moja wakabadilishana funguo mbele ya wote: wiki nzima wewe ni jirani wa mwenzako, mtazame kama wanavyotazamana watu wa mji ule, kisha uandike ripoti. Ripoti ya kweli, alisisitiza. Asiandike mtu kwamba jirani yangu ni mwema.

Jumatatu iliyofuata alirudi ofisini na ripoti, akazisahihisha huku anaguna kwa furaha. Kuna moja aliisoma, akavua miwani, akaisoma tena. "Mdogo wangu," akaniambia, "huyu mtoto ameandika. Ameandika kitu." Nikamwambia mimi aniache na kona zangu za pembetatu. Kesho yake akaingia nayo darasani.

Nilikuwa ubaoni. Nikasikia ile sauti yake ya kusomea, ya chini, ya kuvuta, aliyoirithi kwa baba. Alitangulia kumsifu aliyeandika kwa jina, akasema la anayesimuliwa ameliondoa, kwa hiyo watu wasikilize sanaa tu. Kisha akasoma. Yaliyoandikwa mle sitayarudia hapa, na anayeyataka atanisamehe. Yalikuwa ya nyumbani, ya mavazi na ya kulala, mambo ambayo kila mtu huyafanya mlango umefungwa na hakuna aliyekosea kwa kuyafanya. Yaliandikwa vizuri mno. Msichana aliyeyaandika alikuwa amefika kwa mwenzake, ameona, na ameona kwa jicho alilofundishwa na mwalimu wake.

Kicheko cha kwanza kilitoka nyuma. Mama Dhamira akasimama katikati ya sentensi. Nilidhani atanyamaza. Alisema, "Mmeiona hiyo? Hapo ndipo penyewe. Sikilizeni tena," akaurudia mstari ule ule. Kicheko kikawa cha darasa zima. Akaendelea, akisifu hapa, akitua pale, mpaka mwisho. Kisha nikasikia dawati linasogezwa, na mlango.

Mwalimu wa fasihi anaamini kwamba ukitoa jina umemtoa mtu. Darasa zima lilikuwa limeshuhudia nani alipewa ufunguo wa nani. Hata mtoto wa chekechea angejua.

Yeye hakujua hadi kesho yake. Aliingia, akaona nusu ya dawati ni tupu, akamuuliza yule aliyeandika, "Jirani yako yuko wapi?" Binti akaangua kilio mbele ya wote. Mama Dhamira akaja ofisini kabla ya kengele, akasimama mbele ya meza yetu na chaki mkononi.

"Kuna nini darasani kwangu?" akaniuliza.

"Dada, jana hukusikia walivyocheka?"

"Nilisikia."

"Ukafikiri wanacheka nini?"

Akakaa. "Nilifikiri wanaifurahia lugha," akasema.

Sijui kama umewahi kumwona mtu anaiona aibu yake ikija. Haikuja yote pamoja. Ilianza machoni, akayashusha. Ikafika shingoni, na mikono akaificha chini ya meza kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Akaanza kusema, "Jina nililitoa," akaishia "jina". Kuanzia siku hiyo alikuwa anazunguka nyuma ya jengo ili asipite mbele ya madirisha ya darasa lake. Chai akaacha kunywa na wenzake. Akifundisha, ile sauti haikuwepo tena. Nilikuwa nasikia mtu anasoma maelezo ya mwongozo harakaharaka kama anayesoma bei.

Msichana hakurudi. Siku zilipita, na mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wake wa darasa, kwa hiyo nilijua la hatari zaidi: usajili wa mtihani wa mwisho ulikuwa unafungwa mwisho wa mwezi, na anayesajiliwa lazima afike mwenyewe apigwe picha na kutia sahihi. Asipofika, miaka yote ya shule imekwenda na maji. Nikamwambia Mama Dhamira. Nikamwambia pia kwamba nilishatuma ujumbe nyumbani na jibu lilikuwa fupi: hataki.

"Nitakwenda," akasema. "Lakini siwezi kwenda peke yangu. Nitaanguka mlangoni."

Tukaenda wote Jumamosi asubuhi. Njiani alikuwa anafanyia mazoezi maneno yake, na namjua, yalikuwa na utangulizi, kiini na hitimisho. Mama wa msichana ni fundi cherehani, anashonea chumba cha mbele, mlango wazi kwa ajili ya mwanga. Alitukaribisha kwa adabu, akatuonyesha benchi, akaendelea kukanyaga cherehani. Hakututazama sana. Mama Dhamira akaanza utangulizi wake juu ya kelele ya mashine, akasema nusu, akapotea.

"Mimi simo, Mwalimu," mama akasema bila kuinua mguu. "Aliyevuliwa nguo si mimi. Mwenyewe namwita." Akamwita.

Msichana akatoka ndani, amefunga kitambaa kichwani, ana uzi begani. Akatusogelea. "Shikamoo, Mwalimu," akaniambia mimi, nikaitikia. Kisha akamgeukia mwenzangu. "Shikamoo, Mwalimu."

Mama Dhamira akafungua mdomo. Marahaba haikutoka. Yule mama wa maneno, aliyekuwa na neno la kila kitu, alishindwa kuipokea heshima ya mtoto kwa sababu alijua hana pa kuiweka. Alibaki anautazama uzi ule begani. Mimi nilitamani ningekuwa chini ya benchi.

"Mwanangu," hatimaye akasema, "nimekukosea. Nilikusoma mbele za watu. Nimekuja uniwie radhi. Na Jumatatu nitasimama darasani niwaambie wote kwamba kosa ni langu, na nitakuomba radhi mbele yao kama nilivyokuaibisha mbele yao."

"Hapana, Mwalimu," msichana akasema.

"Hapana nini, mwanangu?"

"Usisimame. Kuna waliokwishasahau. Ukisimama utawakumbusha. Itakuwa kama umeisoma mara ya pili."

Cherehani ikanyamaza. Mama mtu alikuwa amegeuka anamtazama binti yake.

"Basi nifanye nini?" Mama Dhamira akauliza. Na alikuwa anauliza kweli, kama mwanafunzi.

"Usiseme kitu. Kwa mtu yeyote. Hata wakikuuliza, hata wakikusema. Mimi nitarudi, lakini iwe kama hakuna kitu."

"Watasema sikujali."

"Ndiyo," msichana akasema. "Watasema."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa anapima mzigo kabla ya kumkabidhi mtu. Mama Dhamira akaukubali kwa kichwa. Tulidhani yamekwisha, nikaanza kunyanyuka, ndipo binti akauliza kwa sauti ileile, "Mwalimu, mimi yangu uliisoma?"

"Ripoti yako? Nilizisoma zote."

"Ulinipa nne kati ya ishirini." Akangoja kidogo. "Niliandika kwamba ufunguo wa jirani nimekaa nao wiki nzima, mlango wake nikaukuta umefungwa, nikamrudishia. Basi. Chini yake ukaandika kwa wino mwekundu: Hujachunguza."

"Tumekaa dawati moja tangu kidato cha kwanza," msichana akasema. "Na mimi nilikuwa na la kuandika. Yeye msimseme, alifanya ulichomfundisha."

Wakati wa kurudi, tulipofika kwenye kona ambako tunaachana, Mama Dhamira alisimama karibu na ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi, akaushika ule ukuta. "Nne," akasema. "Yule mwingine nilimpa kumi na nane." Nikamwambia aende nyumbani apumzike. Akasema, "Mdogo wangu, ile riwaya nimeifundisha nikidhani mimi ni shujaa anayevunja ghala. Mle hata ripoti hazisomwi. Mji mzima wa waovu ule, hawakumpata msomaji. Mimi nimewapatia." Kisha akalia, mchana kweupe, watu wanapita na mifuko ya saruji.

Jumatatu msichana alirudi. Aliingia, akakaa pale pale, na mwenzake aliyehamia nyuma akachukua mkoba wake akarudi dawatini bila mtu kumwambia. Usajili akauwahi. Darasani hapakusemwa kitu. Na hapo ndipo yalipoanza yale ya hana haya hana vibaya, maana habari ilikuwa imeshafika ofisini, na walimu walikuwa wanamtazama Mama Dhamira wakingoja walau neno la kujuta. Yeye kimya. Mwalimu wa jiografia, ambaye ulimi wake ni mrefu kuliko mito anayoifundisha, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba watu wengine wana macho makavu. Nikavuta pumzi nimjibu. Chini ya meza, Mama Dhamira akanikanyaga mguu. Nikayameza maneno.

Alianza kuisoma diwani upya, safari hii si kwa mwongozo. Nilikuwa namwona ameiinamia wakati wa mapumziko. Siku moja akanisogezea ukurasa upande wangu wa meza, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla. "Nimefundisha kwamba hawa washairi hawakuwa na macho," akasema polepole. "Mwezi, paa, lango. Mdogo wangu, walikuwa na macho. Yule mshairi alilijua kovu la ndui lilipo, alijua na jina la mtaa. Akamvika mwezi makusudi, ili atakayelisikia shairi sokoni asijue ni binti wa nani. Mwezi ule ni nguo. Mimi nimewapa watoto alama kwa kumvua."

"Na mlinzi?" nikamuuliza. Sikutegemea kama ningeuliza.

"Mlinzi anaona kila kitu. Usiku wote anaona. Na hasemi. Dua ile si kejeli. Mtu anamshukuru aliyemwona akanyamaza." Akaifunga diwani. "Baba alikuwa anajua."

Malalamiko yalifika mbali kuliko tulivyodhani. Mzazi mmoja, wala si wa yule msichana, aliyasikia yakiwa yameshaongezwa chumvi na pilipili, akayapeleka juu. Wakamleta mkaguzi. Mkuu wa shule, yule aliyekuwa anajisifia naye, alimwita Mama Dhamira na kumwambia kwamba ikithibitika, kufundisha madarasa ya juu basi. Akarudi mezani kwetu uso umempauka.

"Nikisema kweli," akaniambia, "mkaguzi ataniuliza nilisoma nini. Nitamwambia nini? Ataandika. Itakaa kwenye faili na jina la yule mtoto. Nikisema uongo, mimi ndiye mwongo mbele ya watoto wale wale. Nitamtazamaje?" Milinganyo yangu haina jibu la namna hiyo.

Mkaguzi alikuwa mtu wa viatu vinavyolia. Nilivisikia vikiingia darasani kwake, nikawapa wangu zoezi, na safari hii sikujifanya nasahihisha. Nilikwenda nikasimama karibu na plaiwudi. Mama Dhamira alikuwa kwenye diwani. Mkaguzi alimwacha asome kidogo, kisha akamkatisha kwa upole wa ofisi.

"Samahani, Mwalimu. Wanafunzi, nina swali. Nimesikia kuna siku zilisomwa hapa habari za mwenzenu, habari za faragha. Ni kweli?"

Kimya.

"Msiogope. Nani habari zake zilisomwa?"

Nilisikia Mama Dhamira anavuta pumzi, ile ya mtu anayetaka kusema, na nikajua anakaribia kuvunja ahadi kwa kushindwa kuivumilia. Ndipo sauti ya kijana mmoja ikatoka nyuma. Naijua, ndiye aliyeanza kucheka siku ile. "Hapa tunasoma mashairi tu, mkaguzi."

"Mashairi tu?"

"Na riwaya," mwingine akaongeza. "Riwaya tumeimaliza."

"Wewe," mkaguzi akasema, na kiatu kikalia, "wewe msichana hapo mbele. Kuna kitu kilisomwa?"

Ilikuwa sauti ya yule yule, binti wa fundi cherehani. "Zilisomwa insha, mkaguzi. Mwalimu huwa anasoma insha nzuri." Kisha, bila kungoja swali jingine, akasema, "Mwalimu, samahani, kabla kipindi hakijaisha. Hapa kwenye ubeti. Huyu mpenzi ambaye mshairi hataki kumtaja, alikuwa nani hasa?"

Darasa zima lilijua kwamba hilo ndilo swali ambalo Mama Dhamira hulijibu kwa kipindi kizima, na hakuna mkaguzi anayeweza kumkatisha. Walikuwa wamempa mlango wa kutokea. Nikasubiri. Nadhani plaiwudi yote ilisubiri.

"Hatukuambiwa," Mama Dhamira akasema. "Hatukuambiwa, mwanangu. Tuendelee."

Ripoti ya mkaguzi ilikuja wiki iliyofuata. Malalamiko hayakuthibitika, madarasa ya juu abaki nayo. Ila darasa ni zito, halichangamki, na kuhusu somo alilolishuhudia aliandika kwamba mwalimu hakutoa maelezo ya kutosha juu ya usuli wa shairi, kwa hiyo anashauriwa achunguze zaidi. Mama Dhamira aliisoma amesimama, kisha akaniletea, akanionyesha kwa kidole mstari ule wa mwisho.

"Walinicheka nikisoma," akasema, "na leo wamenifunika, wote, mpaka yule wa nyuma. Hakuna niliyemfundisha hilo." Akakaa, akaegemeza paji la uso kwenye mlima wake wa vitabu, mabega yakaanza kutikisika. Kwenye korido walimu wenzetu walikuwa wanakuja kunywa chai, mwalimu wa jiografia akiwa mbele. Nikanyanyuka nikaufunga mlango.